Siku Moraa Alipotulia

Nyinyi mnaoingia kazi ya probesheni mwaka huu, niliitwa niwaambie yale niliyojifunza, nikapewa nusu saa na soda. Nusu saa haikutosha, na soda nilimpelekea mjukuu, kwa hivyo yaliyobaki nimeona niyaandike. Mtanivumilia nikirukaruka. Nimezoea kuongea nikiwa natembea.

Nilipostaafu nilibaki kwangu Sironga, kwenye migomba yangu na ng'ombe mmoja mwenye kiburi. Lakini simu ikilia asubuhi bado nashtuka. Nikisikia redioni kwamba shule fulani ya huku kwetu imefungwa kwa fujo na wanafunzi wamefikishwa mahakamani, chai inapoa mkononi mwangu. Watu husema watoto wa siku hizi wameharibika. Mimi hujiuliza ni wangapi kati yao ni wagonjwa, na kama yupo aliyewauliza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Onchiri, mtu mfupi mwenye koti la mvua alilolivaa hata wakati wa kiangazi. Mara ya kwanza nilipokwenda kumwona mtoto nyumbani kwao, nilibeba faili kwapani kama wakili. Mzee alininyang'anya akaisukuma chini ya kiti cha gari.

"Ukiingia na faili watakuimbia kama darasa la kwanza," akasema. "Nenda siku wanayochuma chai. Chuma nao. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hujisahau."

Alikuwa na neno lingine alilopenda kulirudia: "Mtoto mkorofi bado anakupigia kelele umsikie. Akinyamaza ghafla, vaa viatu." Nilidhani ni mzaha, maana mizaha alikuwa nayo tele. Baadaye wenzake waliniambia kwamba miaka ya nyuma alimpoteza kijana mmoja wa upande wa Suneka, kijana wa kudokoa vitu vya watu, ambaye ghafla aliacha wizi akawa mpole, na kila mtu akampongeza. Walimzika kabla ya mwezi kwisha. Mzee Onchiri hakuwahi kulitaja jina lake mbele yangu.

Jifunzeni pia lugha ya nyumba mnayoingia. Tulikuwa na afisa kijana kutoka Kwale, Kiswahili chake kitamu kama haluwa. Mtoto mmoja alimwambia, "Baba ndiye alinifukuza." Afisa akaandika ripoti nzima kumlaumu mzazi wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa amelazwa hospitalini na mguu umevunjika. Kwa Kigusii, baba ni mama. Mwanamume ni tata. Hakimu alicheka mpaka akaomba maji.

Sasa niwaambie habari za Moraa. Jina si lake, na shule sitaitaja.

Moraa alikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana. Mwaka wa kwanza alikuwa wa kusifiwa. Akiimba kwaya, akipenda hesabu. Mwaka wa pili ulipoanza akabadilika. Alimpiga kiranja kwa sahani. Aliruka ua akapatikana sokoni ameketi tu, hanunui wala haongei na mtu. Usiku hakulala, darasani alisinzia, na akiamshwa alitukana. Aliadhibiwa, akasimamishwa masomo, akarudi, akasimamishwa tena. Halafu siku moja baada ya chakula cha mchana aliokota mawe, akaenda mahali walimu wanapoegesha magari, akavunja vioo vyote vya gari la naibu mwalimu mkuu, Bwana Makori. Alipomaliza, alipanda juu ya boneti, akaketi, akakunja mikono, akangoja.

Hilo la kungoja ndilo lililonisimamisha nilipokuwa nasoma maelezo ya polisi. Watoto waliovunja mali nimewaona wengi. Wengine hukimbia, wengine hukana, wengine humtaja jirani. Sikuwa nimemwona aliyekaa akangoja kushikwa kama mtu anayengoja gari la kwenda nyumbani.

Hakimu alimwachilia kwa dhamana ya baba yake, akaniagiza nichunguze na nirudi na ripoti. Nikaenda kwao, juu kidogo ya soko la Birongo. Baba yake, Mzee Nyakundi, alinipokea langoni. Alikuwa mkulima wa chai na mzee wa kanisa la Sabato, mtu mrefu anayesimama kama nguzo.

"Madam Kemunto," akasema, "mimi sina maneno. Mpelekeni huko mnakonyoosha watoto. Mimi nimeshindwa."

"Unafikiri ni nini kimempata, Mzee?"

"Bangi. Ni nini kingine?"

Mkewe, Kerubo, alisema ni mvulana. Jirani aliyekuja kuomba chumvi akakaa kusikiliza, naye akasema ni mambo ya shetani yaliyoingia mashuleni. Kila mtu alikuwa na jibu, na Moraa alikuwa jikoni akichambua chinsaga, mboga zetu za kienyeji, hakuna aliyemuuliza.

Nikarudi siku ya kuchuma chai. Nilifunga kikapu mgongoni nikaingia mstarini kati ya Kerubo na binti yake. Nimezaliwa kwenye chai lakini ofisi iliniharibu mikono. Kerubo alichungulia kikapu changu akaangua kicheko.

"Ai, Madam! Hayo majani makuukuu kiwandani watayarudisha. Chuma mawili na kile kichipukizi."

Alicheka hadi akaenda kumsimulia mwenzake mstari wa juu. Tukabaki mimi na Moraa. Alikuwa akichuma bila kuinua uso, polepole, kama mtu anayefanya kazi ndani ya maji.

"Moraa, usiku unalala?"

"Nalala macho wazi, Madam. Mpaka kuku wanawika."

"Bwana Makori alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Ni mtu mzuri tu."

"Sasa gari lake?"

Alitupa majani kikapuni. "Nilikuwa sisikii kitu. Wakinichapa sisikii, wakicheka sisikii. Nikasema nikivunja kitu kikubwa labda nitasikia."

"Ukasikia?"

"Kidogo. Vioo vilipolia. Halafu ikaisha."

Wanangu, hayo maneno nililala nayo. Ugonjwa huo vitabu vinauita unyogovu. Mtu mzima akiupata, mara nyingi atajifungia ndani alie. Mtoto wa umri ule aghalabu hukasirika. Atapigana, atatoroka, ataiba, atavunja. Sisi tunauona ukorofi kwa sababu unatusumbua. Huzuni iliyo chini yake hatuioni, kwa sababu inamsumbua mwenyewe peke yake. Tena mambo haya mawili hulishana. Kila kosa humletea adhabu, kila adhabu humtenga na wenzake, na akiwa peke yake ile huzuni hunenepa. Sisemi kila mtukutu ni mgonjwa. Wapo watukutu wenye afya njema kabisa, na nimewasimamisha mbele ya hakimu bila kupepesa macho. Ninachosema ni muulize kabla ya kuandika.

Kosa nililoliona kwa maafisa wengi, wazee kwa vijana, ni kuogopa kuuliza swali lenyewe. Watazunguka: unajisikiaje, una mawazo, unaomba? Ulizeni waziwazi: "Unafikiria kufa?" Hamtampandia wazo ambalo hakuwa nalo. Mkimuuliza kwa upole, mara nyingi atashukuru kwamba hatimaye yupo mtu anayeweza kulisikia neno hilo bila kukimbia. Na akisema ndiyo, msimwache peke yake, na msiende nyumbani mkasema mtashughulikia kesho.

Mimi nilimuuliza Moraa pale kwenye chai. Akasema, "Zamani kidogo. Si sasa." Nikamwambia mama yake asimwache peke yake, na nikapanga aonwe Jumatatu katika kliniki ya afya ya akili, hospitali kubwa mjini Kisii. Mzee Nyakundi aliposikia, alisimama.

"Kwetu hakuna wazimu, Madam. Nina mabinti wengine. Nani atakuja kuwachumbia akisikia nimempeleka mmoja huko?"

Niliondoka bila kukubaliana naye.

Jumamosi asubuhi nilimpigia Kerubo simu. Sikuwa na sababu, nilitaka tu kusikia sauti za nyumba ile. Alipokea akiwa nje ya kanisa, furaha imemjaa.

"Madam, Mungu ametenda! Moraa amebadilika. Jana aliosha vyombo vyote, akafagia uwanja. Amempa mdogo wake viatu vyake vizuri, na Biblia yake pia. Ameomba msamaha kwa kila mtu, mpaka jirani. Ametulia, Madam. Ametulia kabisa!"

"Yuko wapi?"

"Amebaki nyumbani, kichwa kilikuwa kinamuuma kidogo."

"Mama Moraa, toka hapo uende nyumbani. Kimbia. Usikate simu."

Nilivaa gambuti za mpira za marehemu mume wangu, zilizokuwa karibu na mlango, nikamsimamisha mwenye pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo wetu mnaujua. Tuliteleza, tukashuka, tukasukuma, tukapanda tena. Simu ilikuwa sikioni mwangu ndani ya kofia ya pikipiki, na nilikuwa nasikia Kerubo akihema. Halafu nikasikia mlango. Halafu nikamsikia akiita jina la mtoto chumba hadi chumba, na kila mara akiita, sauti inapanda.

"Kitanda kimetandikwa," akaniambia. "Hayuko. Madam, hayuko."

Kanisa liko njiani kabla ya kufika kwao. Nikamwambia kijana wa pikipiki asimame.

Mimi ni Mkatoliki, sikuwa nimewahi kuingia mle. Mzee Nyakundi alikuwa mbele, amevaa suti yake ya Sabato, anasoma matangazo ya makambi ya kanisa. Shemasi mmoja alinizuia mlangoni akiangalia gambuti zangu. Nilimpita. Nilitembea katikati ya viti nikiacha tope sakafuni, na watu wakageuza shingo.

"Mzee Nyakundi, toka nje."

"Madam, hii ni ibada."

"Moraa hayuko nyumbani. Ametoa vitu vyake, ameaga watu. Tusipompata sasa tutakuja kumzika."

Nililisema kwa sauti, mbele ya kanisa lote. Aliniangalia kama nimempiga kofi. Kisha bibi kizee mmoja wa kiti cha mbele akainama, akavua viatu vyake, akavishika mkononi, akatoka. Baada yake wakainuka wote, wanakwaya, mashemasi, mchungaji mwenyewe.

Kule kwetu chai imepandwa mpaka ukingoni mwa barabara, na ukisimama juu unaona mteremko mzima. Niliwaona wakitawanyika katika mistari ile, mashati meupe na vitambaa vya kichwa, wanapotea wanatokea. Waliita jina lake kutoka kila upande. Nilikuwa nasikiliza kila mwito kwa hofu kwamba unaofuata utakuwa mayowe.

Mzee Nyakundi hakuita. Alisimama kidogo akiangalia chini bondeni, penye kijito na mikaratusi aliyoipanda mwenyewe. Zamani, alipokuwa anapasua mbao pale, Moraa akiwa mdogo ndiye aliyemletea uji. Akaanza kushuka, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kukimbia, suti na yote. Nikamfuata nikishikilia michai nisianguke.

Alikuwa hai. Ameketi chini ya mti, magoti yamekumbatiwa, miguu haina viatu. Alikuwa amekuja pale kuyamaliza maisha yake. Alituambia hivyo mwenyewe baadaye, na sitasema zaidi ya hapo. Walizungumza Kigusii, nami nawapa kwa Kiswahili.

"Tata, rudi kanisani," akasema.

"Siwezi. Hakuna mtu kanisani. Wote wako kwenye chai wanakutafuta."

"Wote?"

"Hata mchungaji. Ameanguka kwenye mfereji."

Mdomo wa Moraa ulicheza kama anayetaka kucheka, halafu uso wote ukakunjamana. "Nimechoka, tata. Sitaki kuwasumbua tena."

Mzee Nyakundi ni mtu ambaye kila jambo alikuwa na aya yake ya Biblia. Nilingoja aya. Badala yake alikaa kwenye tope kando ya binti yake.

"Mimi sijui dawa ya jambo hili," akasema. "Lakini nisumbue. Nisumbue tu, mwanangu. Ukinyamaza ndipo ninapoogopa."

Alimbeba mgongoni kupanda mlima ule. Msichana mkubwa, miguu yake ikiburutika kwenye majani. Vijana walijitolea kumpokea akakataa. Kerubo alitukuta katikati, akashika mguu mmoja wa mtoto, akatembea hivyo hivyo bila kuuachilia mpaka barabarani.

Hatukungoja Jumatatu. Mchungaji alitupeleka mjini kwa gari lake, tope limemfika kifuani. Daktari tuliyempata alikuwa dada kijana, mwenye sauti ya chini. Alikaa na Moraa kwa muda mrefu, kisha akatuita. Mzee Nyakundi alikuwa na swali moja tu.

"Sababu ni nini, daktari? Nani alimfanyia mtoto wangu hivi?"

"Wakati mwingine tunaipata sababu, wakati mwingine hatuipati," akasema. "Mzee, ukishikwa na malaria, huwa unamtafuta yule mbu?"

Mzee akafikiri. "Hapana. Natafuta dawa."

"Basi tuanzie hapo."

Kesi iliposikizwa, Bwana Makori alisimama akasema jambo ambalo mpaka leo silidharau. "Mheshimiwa, nimesikia ni mgonjwa na ninamwonea huruma. Lakini nina bweni zima la wasichana. Kesho mwingine akivunja dirisha aseme ni mgonjwa, nitamwambia nini?"

Hakimu alimuuliza Moraa kama ana la kusema. Alisimama, mikono imeshika ukingo wa kizimba.

"Nilivunja mimi. Sikatai. Mwalimu, nisamehe gari lako." Akaanza kuketi, kisha akasimama tena. "Siku ile nilikuwa nangoja mtu aje aniulize."

Bwana Makori aliangalia viatu vyake. "Mimi nilikuja na bawabu," akasema, si kwa hakimu, si kwa mtu yeyote, na akaketi.

Hakimu aliamuru akae chini ya uangalizi wangu, atibiwe, na familia itengeneze gari. Shule haikumrudisha. Tulimtafutia nafasi katika shule ya kutwa karibu na Sironga, akawa anakaa kwa shangazi yake, na nikimhitaji nilikuwa natembea tu.

Msidhani mambo yalinyooka hapo. Dawa zilimlaza darasani, akaziacha bila kutuambia. Shangazi mmoja wa mbali akamletea mitishamba na mwombezi. Alipigana tena na msichana mwingine, wakang'oana nywele. Alitoroka siku nzima, na siku hiyo nilizeeka. Kuna asubuhi nilipita karibu na lango la shule kwa kisingizio cha kununua sukari, nione tu kama sare yake imo kati ya sare zingine. Mwenye duka aliniuliza mbona kwangu sukari inaisha upesi hivyo. Lakini baba yake alikuja kila siku ya kliniki. Alikaa kwenye benchi kati ya wagonjwa, kofia magotini, akiwasalimia wote.

Sasa Moraa ni mwanamke mzima, anasomea ufundi wa umeme chuoni. Mwezi uliopita alinitembelea bila kutangaza. Nilimwona anakuja kati ya migomba, na kwa jinsi alivyokuwa akitembea, ule upole wa miguu, nikavaa viatu kabla hajafika.

"Madam, imerudi," akasema, hata kabla ya kuketi. "Ilianza wiki jana. Sikuwa nasikia ladha ya chakula."

"Moraa..."

"Ngoja, Madam. Nimeshaenda kliniki. Nilienda mwenyewe. Nimemwambia tata, nimemwambia mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja, na sasa nakwambia wewe."

Nilimshika mkono tukakaa kwenye kibaraza. Nikamuuliza kama anaogopa.

"Naogopa, Madam," akasema. "Zamani niliogopa peke yangu. Sasa naogopa tukiwa wengi."